Mpiga Chapa wa Mutanga Nord na Karatasi ya Mitindo

Katika mtaa wa Mutanga Nord, jijini Bujumbura, ambako nyumba za familia na ofisi ndogo ndogo zimepakana, na ambako si mbali kufika kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi, kazi ya kupiga chapa maandishi ya watu wengine ni riziki kamili. Kompyuta moja, mashine ya fotokopi, meza ya mbao na mlango unaotazama barabara vyatosha kuanzisha shughuli. Mwenye nyumba huleta mkataba wa pango. Kamati ya harusi huleta mialiko. Akina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa, ambacho Warundi hukiita ikirimba, huleta kumbukumbu za mkutano wao. Na msimu wa kuhitimu ukifika, mwanafunzi huja na tasnifu yake, ile ambayo wenyewe huiita memwari, ameifunga katika flashi moja aliyoivaa shingoni kama hirizi.

Hapo ndipo dhiki ya mpiga chapa inapoanza. Tasnifu imekwisha kupigwa, imetolewa, imepelekwa kwa mwalimu msimamizi. Siku tatu baadaye inarudi: vichwa vya sura viwe na ukubwa wa 14 badala ya 16, vichwa vidogo visipigiwe mstari, na baina ya sura ya pili na ya tatu iongezwe sehemu mpya yenye kurasa nne. Maagizo hayo huandikwa kwa mistari miwili ya kalamu nyekundu. Utekelezaji wake huchukua usiku mzima. Tuseme tasnifu ina kurasa 120 na vichwa 70. Kila kichwa kitatafutwa kwa jicho, kitawekewa alama, kitabadilishwa. Kisha orodha ya yaliyomo, ambayo ilipigwa kwa mkono pamoja na vile vidoto vya kujazia nafasi, itapigwa upya kwa sababu kila nambari ya ukurasa baada ya sura ya pili imesogea. Umeme ukikatika katikati ya kazi, hakuna akumbukaye alifikia kichwa cha ngapi. Na mpiga chapa anayelipwa kwa ukurasa halipwi kwa kurudia ukurasa uleule.

Wengi hudhani kwamba huo ndio utumwa wa kazi yenyewe, na kwamba dawa yake ni vidole vyepesi. Si kweli. Shina la dhiki hiyo ni mazoea yaliyorithiwa kutoka kwa taipureta. Katika taipureta, kichwa cha habari kilikuwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari, na kukiweka katikati kulikuwa kazi ya kuhesabu nafasi. Mashine ile haikujua kama neno "Utangulizi" ni kichwa au ni neno tu. Iligonga wino kwenye karatasi, basi. Kompyuta ilipoingia maofisini, watu waliendelea kuitumia kama taipureta yenye kioo: huweka wino mzito hapa, hukuza herufi pale, hubonyeza nafasi kumi ili mstari usogee. Jicho la binadamu likitazama ukurasa hutambua mara moja kichwa ni kipi. Kompyuta haioni kitu ila herufi nene.

Nguo za mashangazi

Ili jambo hili lieleweke bila kuingia katika elimu ya mitambo, na tuangalie kamati ya harusi. Kamati inayo orodha ya waalikwa themanini. Mbele ya kila jina imeandikwa yeye ni nani katika shughuli: shangazi, dada wa bibi harusi, jirani, mpokea wageni. Kando yake ipo karatasi nyingine, fupi, iliyobandikwa ukutani: mashangazi watavaa imvutano ya kijani, dada wa bibi harusi ya waridi, wapokea wageni watafunga kitambaa cheupe. Kesho yake habari zinafika kwamba kitambaa cha kijani kimekwisha sokoni. Katibu wa kamati haendi nyumba kwa nyumba. Anafuta neno moja katika karatasi ya ukutani, anaandika "buluu", na mashangazi wote wamekwisha kubadilishwa nguo.

Sasa na tuseme kamati nyingine haikuandika "shangazi" popote. Iliandika tu mbele ya kila jina "nguo ya kijani". Kitambaa kikikosekana, majina themanini yatapitiwa moja moja. Na ubaya haukomei hapo. Siku ya kugawa zawadi za mashangazi, orodha hiyo haitaweza kusema shangazi ni yupi na ni yupi jirani aliyevaa kijani kwa kupenda kwake.

Huo ndio msingi wote. Andiko lenye alama za muundo ni ile orodha ya kwanza: kila kipande cha maneno kimetajwa ni kitu gani, yaani hiki ni kichwa cha sura, hii ni aya, haya ni maneno ya kunukuu, hii ni tanbihi. Karatasi ya mitindo ni ile iliyobandikwa ukutani: kichwa cha sura kitakuwa na ukubwa huu, aya itaanza kwa nafasi hii, tanbihi itakuwa na herufi ndogo. Mambo mawili yametenganishwa, na kila moja laweza kubadilika bila kulitikisa jingine.

Wazo hilo lina umri kuliko watu wengi wanaolidharau. Hata jina la alama hizo lilitoka katika vyumba vya magazeti na viwanda vya chapa, ambako mhariri aliandika pembeni mwa mswada maagizo kwa mpanga herufi. Mwaka 1969, katika kampuni ya IBM ya Marekani, Charles Goldfarb, Edward Mosher na Raymond Lorie walibuni lugha ya alama ya kutaja sehemu za andiko kwa kazi zake badala ya sura zake. Herufi za kwanza za majina yao matatu ndizo zilizopewa lugha hiyo, GML. Goldfarb mwenyewe alikuwa mwanasheria, na kazi waliyokuwa nayo ilihusu nyaraka za ofisi za sheria, ambako hati moja yapaswa kuhaririwa, kutafutwa na kuchapwa na programu tofauti zisizosikilizana. Kutoka hapo ilizaliwa SGML, iliyokubaliwa kuwa kanuni ya kimataifa mwaka 1986, na baadaye mwanawe mwepesi zaidi, XML, aliyeidhinishwa Februari 1998.

Ama karatasi ya mitindo, nayo ilikuwa tayari imebisha hodi maofisini. Programu ya Word ya Microsoft, ilipotoka mara ya kwanza mwaka 1983, ilikuja na karatasi za mitindo. Ni jambo la kusikitisha kidogo kwamba zaidi ya miaka arobaini baadaye chombo hicho bado kipo katika kila kompyuta ya Mutanga Nord, kimekaa juu kabisa ya kioo, na aghalabu hakiguswi.

Katika kurasa za intaneti mambo yalikwenda kwa njia yake. Tim Berners-Lee alipoanzisha kurasa hizo huko CERN, Geneva, alama zake zilitaja kichwa, aya na orodha, lakini hapakuwa na njia iliyokubaliwa na wote ya kusema kichwa kionekane vipi. Watu wakaanza kuchomeka rangi na ukubwa wa herufi ndani ya andiko lenyewe, kama ile kamati ya pili. Oktoba 1994 Mnorwei Håkon Wium Lie alitoa pendekezo la karatasi za mitindo zinazoteremka kwa ngazi. Akaungana na Mholanzi Bert Bos, na Desemba 1996 kanuni ya kwanza ya CSS ikaidhinishwa. Neno "ngazi" lina maana yake. Mwandishi ana mtindo wake, msomaji ana wake, na mashine ya kusomea ina wa kwake; kanuni inaeleza ni upi unaotangulia pale inapogongana. Mtu mwenye macho dhaifu anaweza kutaka herufi kubwa kuliko alizotaka mwandishi, naye asikilizwe. Katika harusi pia iko hivyo: ipo desturi ya ukoo, yapo maagizo ya kamati, na yupo bibi mzee ambaye atavaa apendavyo na hakuna atakayemgusa.

Chombo cha kuhariri na kile kinachokionyesha

Kutenganisha muundo na mtindo ni rahisi kwa maneno. Taabu hutokea kwa mtu anayekaa mbele ya kioo, kwa kuwa huyo hahariri nadharia, anahariri andiko. Amwonyeshe nini mtengenezaji wa programu? Akimwonyesha alama zote uchi, zile mabano zenye pembe kabla na baada ya kila kipande, mpiga chapa ataona msitu na hataona maneno. Akimficha alama zote, atarudi katika mazoea ya taipureta, atakuza herufi kwa mkono, na muundo utapotea pasipo yeye kujua.

Njia ya kati ni kwamba chombo chenyewe cha kuhariri kisome karatasi ya mitindo. Andiko lina alama, lakini kwenye kioo kichwa kinaonekana kama kichwa na tanbihi kama tanbihi, kwa kufuata karatasi iliyoambatishwa. Miongoni mwa waliojaribu njia hii mapema ni watafiti wa INRIA huko Grenoble, Ufaransa, pamoja na shirika la W3C linalosimamia kanuni za kurasa za intaneti. Programu yao, Amaya, iliyotolewa mwaka 1996, ilikuwa mahali pa kusomea kurasa na pa kuziandikia kwa wakati mmoja. Mhariri aliweza kutazama andiko likiwa limevaa mitindo, na katika dirisha la pili akatazama mifupa yake, yaani mti wa sehemu zake. Toleo la mwisho lilitoka Januari 2012. Vyombo vya kulipiwa kama XMetaL, oXygen na XMLmind vilifuata njia iyo hiyo ya kumvisha XML mavazi ya CSS ili mwandishi asihitaji kuona mabano.

Njia hiyo haikukosa kasoro, na mtu anayenunua au kupakua chombo cha namna hii yampasa azijue. CSS hupaka rangi juu ya andiko kwa mpangilio wake ulivyo. Haikuundwa kuchukua vichwa vyote vya kitabu, kuvipanga mwanzoni na kuandika mbele ya kila kimoja nambari ya ukurasa. Kazi hiyo ya kupangua na kupanga upya ilipewa lugha nyingine, XSLT, iliyoidhinishwa Novemba 1999. Matokeo yake ni kwamba katika vyombo vingi vya XML anachokiona mhariri akiandika sicho kitakachotoka kiwandani. Karatasi moja ya mitindo inamhudumia yeye, nyingine inamhudumia mchapaji. Mwandishi akishalijua hilo hatasumbuka kusawazisha mstari kwa jicho, kwa sababu jicho lake linatazama vazi la kazini, si vazi la sherehe.

Lakini mpiga chapa wa Mutanga Nord hana oXygen. Anayo Word, au LibreOffice ambayo haiuzwi. Na hapa ipo habari ambayo wengi hawaitazamii: yeye naye, kila siku, anaandika XML. Faili la LibreOffice ni kifurushi kilichokazwa. Mtu akitengeneza nakala ya faili hilo, akabadilisha mwisho wa jina lake kuwa zip na kulifungua, atakuta ndani yake mafaili kadhaa, na mawili kati yake ni content.xml na styles.xml. La kwanza ni andiko, la pili ni karatasi ya mitindo. Faili la Word la namna ya docx nalo lina document.xml na styles.xml. Orodha ya waalikwa na karatasi ya ukutani zimelala humo ndani pamoja, katika bahasha moja.

Tena kifurushi hicho husema siri za mwandishi wake. Pale alipotumia mtindo wenye jina, kumeandikwa jina la mtindo. Pale alipokuza herufi kwa mkono, LibreOffice imelazimika kubuni mitindo ya dharura na kuiita P1, P2, P3, T1, T2 na kuendelea. Tasnifu iliyopigwa kwa mazoea ya taipureta huwa na makumi ya mitindo ya dharura, na hakuna hata mmoja unaojua kwamba "Sura ya Pili" ni ndugu wa "Sura ya Tatu".

Mstari uliosogea

Yuko atakayesema kwamba haya ni mambo ya urembo wa ukurasa. Basi na tuutazame mkataba wa pango. Kifungu kimoja kinasema kwamba mpangaji atatakiwa kuhama endapo (a) hatalipa kodi kwa miezi mitatu, au (b) ataharibu nyumba. Kisha, katika mstari wa peke yake, yanakuja maneno "baada ya kupewa notisi ya mwezi mmoja". Mstari huo ukikaa ukingoni kabisa, chini ya kifungu kizima, notisi ni haki ya mpangaji katika hali zote mbili. Ukisogea ndani ukajipanga chini ya (b), notisi ni kwa aliyeharibu nyumba tu, na aliyekosa kodi aweza kutolewa leo. Ikiwa mstari huo ulishikiliwa mahali pake na nafasi kumi na mbili zilizobonyezwa kwa kidole gumba, faili likifunguliwa katika kompyuta nyingine yenye herufi nyingine, hakuna ajuaye utalala wapi. Familia moja inaweza kujikuta nje kwa sababu ya nafasi tupu.

Watunga sheria walilitambua jambo hili, na mfano ulio bora ulitengenezwa kwa ajili ya Afrika. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 Umoja wa Mataifa, katika mradi wa kuimarisha mifumo ya habari ya mabunge ya Afrika ulioendeshwa kutoka Nairobi, ulisimamia utengenezaji wa lugha ya alama kwa sheria, hukumu na mijadala ya bunge. Ilipewa jina la Kiakan la Ghana, Akoma Ntoso, lenye maana ya nyoyo zilizounganika, na wasanifu wake wakuu walikuwa Fabio Vitali na Monica Palmirani wa Chuo Kikuu cha Bologna, Italia. Programu iliyotungwa pamoja nayo ilipewa jina la Kiswahili safi: Bungeni. Katika Akoma Ntoso, kifungu kina alama yake, kifungu kidogo kina yake, na yale maneno ya kufungia yanayofuata (a) na (b) nayo yana alama yake ya pekee inayoyafunga kwenye kifungu kizima. Karatasi ya mitindo inaweza kuyasogeza kulia au kushoto itakavyo, maana haisogei. Agosti 2018 lugha hiyo ilikubaliwa na shirika la OASIS kuwa kanuni ya kimataifa.

Msomaji mwenye simu anaweza kuthibitisha. Akifungua sheria katika tovuti ya Kenya Law au ya TanzLII ya Tanzania, ndani ya anwani ya ukurasa ataona herufi akn. Ndiyo Akoma Ntoso hiyo. Andiko lililohifadhiwa hivyo laweza kuvishwa karatasi ya mitindo ya simu iliyo nyembamba kama kiganja, na nyingine ya kitabu cha A4 kitakachowekwa mbele ya hakimu. Kifungu kikirekebishwa bungeni, husahihishwa mahali pamoja.

Kabla ya hapo, watu wengine katika kanda hii walikuwa wakifanya kazi kwa kanuni ileile bila kelele. Wafasiri wa Biblia hutumia programu ya Paratext, ambamo kila sura, aya na kichwa kina alama fupi, na sura za alama hizo zimeelezwa katika faili moja la mitindo linaloweza kuongezewa na kila kikundi cha wafasiri. Na kwa upande wa ofisi za kawaida, Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake kutoka Sweden, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Mwaka uliofuata, Mei 2005, namna ya mafaili ya OpenDocument inayotumiwa na jamii hiyo ya programu iliidhinishwa na OASIS, na ndiyo inayotumiwa na LibreOffice tangu ilipojitenga mwaka 2010.

Kazi yenyewe

Mama au kijana anayetaka kujinasua na kukesha hana haja ya kujifunza hata mabano moja. Afungue LibreOffice na kubonyeza kitufe cha F11. Kando ya kioo itatokea orodha ya mitindo. Katika kompyuta nyingi za Bujumbura orodha hiyo imo kwa Kifaransa: Titre 1 ni ya vichwa vya sura, Titre 2 na Titre 3 ni za vichwa vidogo, Corps de texte ni ya aya za kawaida. Akiandika kichwa, asikuze herufi. Abonyeze mara mbili jina la mtindo wake. Mwalimu akitaka 14 badala ya 16, mtindo wa Titre 1 utarekebishwa mara moja, na vichwa vyote vitatii kwa pamoja. Amri ya kila sura kuanza ukurasa mpya nayo huwekwa ndani ya mtindo huohuo, badala ya kubonyeza mistari mitupu mpaka ukurasa uishe, desturi ambayo ni mama wa fujo zote.

Orodha ya yaliyomo isipigwe kwa mkono kamwe. Programu huitunga yenyewe kwa kuokota vichwa vilivyopewa mitindo, na ikiongezwa sehemu ya kurasa nne katikati, orodha hubonyezwa na kuambiwa ijisahihishe. Nambari za Kirumi katika kurasa za shukrani na orodha ya vifupisho, kisha nambari za kawaida kuanzia utangulizi, hupatikana katika LibreOffice kwa mitindo ya kurasa, na katika Word kwa kugawa andiko sehemu. Hili ndilo linalowashinda wengi, na mpiga chapa anayelijua anaweza kudai malipo yake bila kuona haya.

Ipo faida nyingine kwa mji wenye lugha nyingi kama Bujumbura. Tasnifu ya Kifaransa yenye majibu ya wakulima kwa Kirundi na ya wafanyabiashara wa Buyenzi kwa Kiswahili hujaa mistari myekundu, maana kompyuta hudhani kila neno la Kirundi ni Kifaransa kilichokosewa. Mtindo waweza kubeba lugha ndani yake. Mtu akitengeneza mtindo mmoja wa nukuu za Kirundi na kuuambia usikaguliwe tahajia, wekundu wote hutoweka, na makosa ya kweli ya Kifaransa huanza kuonekana.

Faida kubwa kuliko zote aghalabu haitajwi. Mwanafunzi kipofu husomewa andiko na programu ya sauti kama NVDA, nayo yaweza kumrusha kutoka kichwa hadi kichwa ikiwa tu vichwa ni vichwa kweli. Herufi nene kwake ni kimya. Tasnifu ya kurasa 120 isiyo na mitindo ni barabara isiyo na njia panda, atembee yote kutoka mwanzo.

Je, ile tasnifu iliyokwisha kupigwa kwa njia ya zamani? Yaokolewa, ila kwa uangalifu. Sanduku la kutafuta la LibreOffice laweza kutafuta kwa sura ya herufi: liambiwe litafute maandishi yote mazito ya ukubwa wa 16, liyateue yote kwa mara moja, kisha mtindo wa Titre 1 ubonyezwe. Baada ya hapo vichwa hivyo vilivyoteuliwa husafishwa mapambo ya mkono kwa kubonyeza Ctrl na M. Tahadhari ni moja: amri hiyo ya kusafisha haichagui. Akiiteua tasnifu nzima na kuisafisha, majina yote ya vitabu yaliyolazwa herufi yatasimama wima, na orodha ya marejeo itaharibika mbele ya macho yake. Kwa hiyo ateue vichwa peke yake, na kabla ya yote atoe nakala.

Faili linalohamia kutoka Word kwenda LibreOffice na kurudi huchubuka njiani kama mzigo wowote. Mitindo yenye majina ya kawaida husafiri vizuri. Mapambo ya mkono na nafasi zilizobonyezwa ndizo zinazofika zimevunjika. Basi mpiga chapa na mteja wakubaliane tangu mwanzo programu itakuwa ipi, na nakala ya kupeleka kwa mwalimu kuichapa itolewe kwa PDF, ambayo haisogei.

Likishakamilika andiko la kwanza lenye mitindo safi, lifutwe maneno na lihifadhiwe kama kiolezo. Mteja ajaye wa idara ileile atapigiwa kazi juu ya kiolezo hicho, na saa zilizookolewa zitahesabika. Vivyo hivyo kwa kumbukumbu za ikirimba: tarehe, waliohudhuria, michango, mikopo, maazimio, kila kimoja na mtindo wake, ili katibu mpya akichaguliwa aendelee pale alipoachia mwenzake. Kiolezo kiwekwe mahali pawili, katika kompyuta na katika flashi isiyoazimwa na mtu, nacho kipewe jina lenye mwaka, kwa maana kanuni za idara hubadilika, na mwanafunzi wa mwaka uliopita hupenda kuleta mdogo wake.